Albumini ikisoma chini, uliza kwanza damu ilitolewaje

Albumini, protini kuu ya damu inayotengenezwa na ini, kwa mtu mzima huwa kati ya gramu 35 na 50 kwa lita. Baadhi ya maabara huandika 3.5 hadi 5.0, yaani gramu kwa desilita. Ni mamoja, ila angalia kizio kabla ya kushtuka.

Kipimo hiki hakihitaji kulala njaa. Kinachoharibu majibu zaidi ni mkono. Kamba ikikaa imefungwa zaidi ya dakika moja huku mshipa ukitafutwa, maji huchujika nje ya mshipa, protini zikabaki nyuma, na albumini ikapanda bure. Aliyesimama kwenye foleni naye husoma juu kuliko aliyelala wodini. Mkalishe dakika 15 kwanza. Na usitoe damu kwenye mkono wenye dripu, utapima maji.

Chupa ya kifuniko chekundu iache wima damu igande nusu saa, ndipo uizungushe kwenye sentrifuji dakika 10. Ukiharakisha, nyuzi za fibrini (protini inayogandisha damu) hubaki kwenye seramu, yaani majimaji ya juu yanayopimwa, huziba sindano ya mashine, nayo hunyonya kiasi pungufu. Sampuli inayoletwa mjini na bodaboda kutoka Kayole au Githurai ni afadhali izungushwe hukohuko kliniki.

Halafu kuna rangi. Mashine nyingi hupima kwa rangi iitwayo bromokresoli ya kijani: ikishikana na albumini kwenye pH ya karibu 4.2, umanjano hugeuka kijani, nayo husomwa kwenye nanomita 630 hivi. Tatizo ni globulini, protini nyingine za damu, ambazo hushika rangi hiyohiyo polepole. Usomaji ukichelewa kupita nusu dakika, majibu hupanda. Bromokresoli ya zambarau haidanganywi hivyo, lakini kwa wagonjwa wa dayalisisi huelekea kusoma chini. Ndiyo maana anayefuatiliwa figo abaki na maabara moja.

Majibu ya chini kweli hayamaanishi lazima mgonjwa amekosa mayai na lishe bora. Uvimbe wa ndani (inflamesheni) au maambukizi makali huishusha albumini kwa siku chache tu; pima CRP (protini ya damu inayopanda kukiwa na uvimbe huo), na protini kwenye mkojo, na uangalie ini.

Kalisiamu nayo hushuka pamoja nayo. Kwa kila gramu moja ya albumini chini ya 40 kwa lita, ongeza kalisiamu 0.02 (milimoli kwa lita): kalisiamu 2.05 na albumini 25 hutoa 2.35, ambayo ni sawa. Kwa mgonjwa mahututi au wa figo, achana na hesabu hiyo, pima kalisiamu huru, ile isiyoshikana na protini.