Jinsi nilivyomtuliza mbwa wangu wa Gascogne

Nilipomchukua mbwa wa kuwinda wa aina ya Petit Bleu de Gascogne, dume wa miaka 2, kutoka kwa mwindaji mmoja wa Gers, kusini-magharibi mwa Ufaransa, nilitarajia mbwa mpole wa kukaa nyumbani, na kweli ni mpole kwa watu na kwa mbwa wenzake. Lakini kila nilipotoka alilia kwa sauti ndefu hadi jirani akaanza kugonga ukuta. Nilikosea mwanzoni kwa kumkaripia. Mbwa wa aina hii alizalishwa ili afuate harufu ya sungura wa mwituni kwa saa nyingi, akiwa kundini, huku akipaza sauti ili mwindaji ajue alipo, kwa hiyo upweke na kukosa kazi humtesa kuliko njaa (na njaa yake si ndogo).

Kilichosaidia ni kuipa pua yake kazi. Kila alfajiri niliburuta kipande cha ngozi ya sungura kwenye nyasi kwa mita 200 hivi, kisha nikamwacha afuate njia ile akiwa amefungwa kamba ya mita 10, kwa maana akishanusa mnyama hasikii jina lake hata ukiliita mara mia. Baada ya wiki 3 alikuwa akilala nikiondoka.

Yalibaki masikio, ambayo ni marefu na yaliyojikunja, hivyo unyevu hukaa ndani. Siku moja nilikuta nta nyeusi yenye harufu ya chachu. Daktari wa mifugo alinipa dawa, nami sasa huyakausha kwa kitambaa kila arudipo kutoka kwenye umande.