Meno Yaliyoharibika Kabla Hayajaota

Nilipofikisha miaka saba, tukiwa tunaishi Dar es Salaam, meno yangu mawili ya mbele ya juu yaliota yakiwa meupe kama chaki, na baada ya miaka michache yakageuka kuwa ya kahawia. Mama alinigombeza kwamba sipigi mswaki. Niliyasugua kwa mkaa, kwa majivu na hata kwa mchanga wa ufukweni (simshauri mtu), lakini rangi haikutoka, kwa kuwa kasoro ilikuwa ndani ya jino lenyewe.

Miaka yangu mitatu ya mwanzo nililelewa na bibi huko Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, ambako miamba ya volkano huyatia maji madini ya floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Bibi alinichemshia maji kwa uangalifu na kulainisha makande kwa magadi. Hakuna aliyemwambia kwamba kuchemsha hakuondoi floraidi, wala kwamba magadi nayo huwa nayo.

Meno ya utoto, ambayo sehemu kubwa ya enameli yake (tabaka gumu la nje la jino) hujengwa mtoto akiwa tumboni, yalikuwa safi, hivyo hakuna aliyeshuku lolote. Kumbe chini yake, ndani ya taya, meno ya ukubwani yalikuwa yakijengwa. Enameli changa hujaa protini, ambayo huondolewa polepole ili madini yachukue nafasi yake. Floraidi ikizidi, kazi hiyo hukwama, na jino huota likiwa na vitundu visivyoonekana kwa macho, ambavyo baadaye hunyonya rangi.

Daktari wa meno aliyenipima ukubwani alikadiria, kwa kutazama kinywa tu, kwamba nilihama nikiwa na miaka kama mitatu: meno ya mbele na magego ya kwanza yana madoa, chonge zina rangi nchani tu, na magego ya pili, yaliyojengwa nikiwa tayari Dar es Salaam, ni meupe.

Sasa nina binti wa miaka miwili. Tukienda kwa bibi likizo ya mwezi mzima, binti hunywa na kupikiwa kwa maji ya mvua pekee. Shangazi zangu huyaita maringo ya mjini. Bibi, mwenye meno kama yangu, ndiye anayelifunika pipa.