Chura wa Nairobi aliyeitwa jina la mwenzake

Kuna chura wa hapa kwetu ambaye maabara za Marekani zilimwita jina la mwenzake kwa miaka kadhaa. Wanasayansi wa huko walikuwa wakilinganisha jeni za chura wa Afrika Kusini, Xenopus laevis, na za jamaa yake waliyemjua kama Xenopus muelleri. Makala zikachapishwa, wengine wakazisoma na kujenga juu yake. Mwaka 1977 Donald Brown na wenzake wakatoa sahihisho: yule tuliyemwita muelleri ni Xenopus borealis. Vipimo vilikuwa sawa, jeni zilisomwa vizuri, ila mwenye jeni hakuwa yule aliyeandikwa.

Muelleri ni wa pwani na nyanda za chini. Borealis ni wa nyanda za juu. H. W. Parker ndiye aliyempa jina mwaka 1936, kwa vyura waliotoka Marsabit, na hapa Nairobi anaishi kwenye mabwawa na madimbwi ya kudumu. Kama wale mabwana wa maabara wangekuwa na karatasi inayosema chura alivuliwa bwawa gani, swali lingeulizwa mapema zaidi.

Ninasomea shahada ya uzamili ya zoolojia pale Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na kazi yangu ni vyura wa jiji hili: ni akina nani, wanaishi wapi, na viluwiluwi wao wanakuaje. Nyumbani mama mdogo ananiuliza kama vyura ni kazi. Namjibu ni kazi, tena ya haraka, na sababu nitaieleza.

Kwanza nimalize habari za borealis, maana ukimshika mkononi huwezi kumsahau. Ngozi inateleza kama sabuni, macho yako juu ya kichwa yakitazama mbinguni, na hana ulimi kabisa. Chakula anakisukumia mdomoni kwa mikono. Kwenye miguu ya nyuma vidole vitatu vina kucha nyeusi, kitu ambacho vyura wengine hapa mjini hawana. Ubavuni kuna alama ndogo zilizopangwa mstari, na kwa hizo anahisi mtikisiko wa maji, hivyo hata kwenye maji ya tope anajua kuna mdudu upande gani. Dume hana kifuko cha koo; analia akiwa chini ya maji, sauti ya kugongagonga. Ukisimama ukingoni bila kipaza sauti cha majini unaweza kudhani bwawa liko kimya.

Kiluwiluwi wake naye ni wa peke yake. Mwili unapenya mwanga, unauona utumbo na moyo ukidunda. Anakaa katikati ya maji kichwa kikiwa chini, ncha ya mkia ikitetemeka bila kupumzika, na pembeni mwa mdomo ana nyuzi mbili ndefu. Hana meno ya kukwangua. Anachuja mimea midogo iliyomo majini. Mweke kwenye beseni pamoja na kiluwiluwi wa chura wa mtoni, ambaye mdomo wake una safu za meno madogo meusi ya kukwangua ukoga kwenye mawe, utaona mara moja kwamba hawa si watoto wa ukoo mmoja. Ndiyo maana hatuhesabu wazima peke yao. Kuna mabwawa ambayo mzima humwoni ng'o, lakini chandarua kikipita kinaleta watoto wake, na hiyo ni habari kubwa zaidi, kwa sababu inakuambia wanazaana hapo.

Huyo chura wa mtoni ana kisa chake cha jina. Ni yule mwenye miguu mirefu anayeruka majini ukikaribia ukingo wa kijito Karura au huku juu Kikuyu. Kwa miaka mingi karibu vyura wote wa namna hiyo, kuanzia Afrika Kusini mpaka Ethiopia, waliitwa angolensis. Mwaka 2016 Alan Channing na wenzake waliwapanga upya kwa kutumia DNA, sauti, maumbile na hata midomo ya viluwiluwi. Angolensis akabaki Angola, na wa kwetu sasa ni Amietia nutti. Chupa zilizoandikwa jina la zamani bado zipo kwenye mikusanyo duniani, na hakuna hasara, kwa sababu kwenye goti la kila chura kuna uzi, na kwenye uzi kuna lebo.

Hiyo lebo ndiyo ninayoiheshimu kuliko kitu chochote katika fani yetu. Ni kipande kidogo cha karatasi ngumu, kimeandikwa kwa wino usioyeyuka ndani ya alkoholi: mahali, mwinuko, tarehe, aliyemkusanya. Jina la spishi laweza kubadilishwa na mtu atakayezaliwa miaka hamsini ijayo. Mahali na tarehe hakuna atakayevibadilisha, na hakuna atakayeviongeza kama havikuandikwa siku ile. Nikikuta sampuli ya zamani yenye neno "Nairobi" peke yake, moyo unaniuma. Nairobi ina karibu kilomita za mraba 700. Chura huyu alitoka msituni upande wa machweo, au kwenye mbuga upande wa mashariki?

Tofauti hiyo si ndogo. Magharibi, kuanzia Dagoretti kwenda Kikuyu, ni udongo mwekundu, mvua zaidi, mabonde yenye vijito, na Bwawa la Ondiri ambako Mto Nairobi unaanzia. Mashariki, kuanzia Embakasi kwenda Athi, ni tambarare ya udongo mweusi wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha maji hayaendi popote, yanatuama kwenye nyasi. Jua likirudi udongo unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Chura wa mtoni anataka maji yanayotiririka mwaka mzima, huko hana kazi. Wa mashariki lazima awe na haraka: mvua inashuka, madume wanaita usiku huohuo, mayai yanatagwa, na watoto wanakimbizana na kiangazi kabla dimbwi halijakauka.

Mfalme wa tambarare hizo, kwa maoni yangu, ni Kassina senegalensis. Ana mistari myeusi mgongoni, na badala ya kuruka anatembea, mguu mmoja baada ya mwingine. Sauti yake ni "kwoip!", kama tone la maji linalodondokea ndani ya mtungi. Mmoja akianza, wa pili anajibu, kisha sauti zinakimbia mbugani mpaka hujui zilipoishia. Kumwona ni kazi, kwa sababu analia akiwa amejificha chini ya shina la majani, na ukimsogelea ananyamaza.

Nilikuwa nikimtafuta huko upande wa Ruai wakati wa vuli, kando ya kiwanja cha ujenzi, askari wa usiku akanimulika kwa tochi.

"Madam, umepoteza kitu?"

"Hapana, mzee. Natafuta vyura."

Akanyamaza kidogo. "Wale wa kwoip ama wale wa kunguruma?"

Nikamwambia wote.

"Wa kwoip hawatoki bado, ngoja giza likolee. Wale wa kunguruma wako kwa ile mtaro, wanaanza mvua ikikatika. Na zamani walikuwa pia huku," akaelekeza tochi kwenye msingi wa nyumba, "kabla tumwage mawe."

Kila alichosema kilikuwa sahihi, pamoja na saa. Wa kunguruma ni Sclerophrys gutturalis, yule chura wa ngozi ya vinundu-vinundu anayetaga mayai meusi kwenye nyuzi ndefu za utelezi. Mzee huyo amewasikia usiku baada ya usiku. Hakuna mtafiti anayeweza kukaa hapo muda wote huo. Nimeandika maneno yake kwenye daftari langu pamoja na tarehe, kama ushahidi, maana ni ushahidi.

Na mawe ndiyo haraka niliyotaja. Madimbwi ya udongo mweusi hayahesabiki kuwa ardhi oevu machoni pa watu wengi. Hayana jina, hayako kwenye ramani, mwezi wa Agosti ni vumbi tupu. Mwenye ploti anamwaga mawe, na hakuna aliyevunja sheria anayoijua. Tathmini ya dunia nzima iliyotoka mwaka 2023 ilionyesha kwamba amfibia wapatao asilimia 41 wamo hatarini, kuliko kundi lolote lingine la wanyama wenye uti wa mgongo. Kassina si mmoja wao. Ameenea sehemu kubwa ya Afrika. Lakini kuenea barani hakumsaidii yule wa Ruai, na mimi huyo wa Ruai ndiye ninayemtaka.

Wapo wanaosema kuorodhesha wanyama ni sayansi ya wakoloni na vitabu vya zamani, siku hizi ni jeni. Sikubaliani nao hata kidogo. Arthur Loveridge, aliyekuwa mtunzaji wa makumbusho ya hapa Nairobi kuanzia 1914, baadaye mwaka 1935 alimpa jina amfibia mmoja asiye na miguu wa Milima ya Taita, Boulengerula taitanus, anayefanana na mnyoo na kuishi ardhini. Miaka 71 ilipita kabla hatujajua analeaje. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba mama hutaga mayai chini ya ardhi, watoto hawapitii maisha ya majini, na wakishaanguliwa wanaila ngozi ya mama yao, ambayo wakati huo hunenepa na kujaa mafuta kwa ajili yao. Wana meno maalumu ya kuibandua, na mama anaendelea kuishi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, wa Kilima cha Sagalla, kilichotengwa na Taita kwa nyika kavu, alitangazwa kuwa spishi nyingine, Boulengerula niedeni. Ukichanganya wa Sagalla na wa Dawida, yaani Taita kwenyewe, kwenye ndoo moja bila lebo, hujui tena unachunguza malezi ya nani.

Hata hapa mjini fumbo halijaisha. Wale vyura wadogo wa matete, jenasi ya Hyperolius, wakitoka majini wote huwa na rangi ya kahawia isiyovutia. Baadaye majike, na baadhi ya madume, hubadilika wakapata rangi kali, na rangi hiyo hutofautiana kutoka eneo hadi eneo kiasi kwamba wataalamu wamebishana miongo mingi kama ni spishi moja au nyingi. Kwao, kusema tu "chura mdogo wa rangi" ni kama kutosema chochote. Picha iliyopigwa Kitengela na iliyopigwa Limuru ni maswali mawili tofauti.

Masika yajayo ninaanza na upande wa mashariki: Njiru, Ruai, Kamulu, halafu nishuke mpaka Syokimau. Peke yangu sitafika kote usiku mmoja, na usiku wa mvua ya kwanza ndio wenye maana. Kwa hiyo kama unakaa huko na unasikia "kwoip" nyuma ya nyumba, toa simu dirishani, rekodi hata nusu dakika. Kabla hujazima, taja kwa sauti yako mtaa ulipo, tarehe na saa. Faili la simu likibadilishwa jina au likatumwa mara tatu kwenye vikundi, hayo maneno yatabaki humohumo ndani. Jina la chura usijisumbue nalo, hilo niachie mimi.