Yule mwanamke wa pili

Jumamosi nilitoka zamu ya usiku, nikalala mpaka adhuhuri, na jioni nikamwekea mama mkwe filamu kwenye simu. Tulikaa nyuma ya nyumba, hapa Ng'ambo, Tabora, yeye na ungo wake wa karanga. Filamu ni ya Kisinhala, lugha ya Sri Lanka, inaitwa Aba, mwongozaji ni Jackson Anthony, ilitoka 2008. Maandishi ya Kiingereza yanapita chini, nasoma, namtafsiria.

Ni habari za Pandukabhaya, mfalme ambaye masimulizi ya Sri Lanka yanasema ndiye aliyeufanya Anuradhapura kuwa mji mkuu, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Vita vyake havikunishika sana. Mimi ni mkunga. Kilichonishika ni kuzaliwa kwake, na usiku ule nikaenda kusoma kisa kilivyo katika Mahavamsa, kitabu chao cha kale kilichoandikwa kwa lugha ya Kipali.

Waaguzi walitabiri kwamba mtoto wa kiume wa binti mfalme, Chitra, atawaua wajomba zake. Chitra alikuwa na kaka kumi. Akafungiwa katika nyumba ya nguzo moja, lakini mimba ikaingia. Abhaya, kaka mkubwa, peke yake ndiye aliyesimama upande wa dada yake. Wengine wakaapa: akizaa mvulana, auawe. Akazaa mvulana. Siku hiyo hiyo mwanamke mwingine pale akazaa msichana. Chitra akampa sarafu 1,000, watoto wakabadilishwa. Kaka zake wakaambiwa ni msichana, wakafurahi.

Jamani, mtu wa leba hasomi hayo akalala. Mtoto akishatoka, kabla sijamfunika vizuri, nakata kipande cha plasta, naandika kwa peni jina la mama, saa na jinsia, nabandika mkononi. Wakijifungua wawili kwa mpigo, plasta naziandika mapema, nazining'iniza ukingoni mwa meza. Mikono inatetemeka kwa uchovu lakini hapo sikosei. Hofu yangu ya miaka yote, watoto kubadilishwa, ndiyo iliyomwokoa mtoto yule.

Jambo jingine lilinifurahisha mno. Kitabu kinasema Pandukabhaya alipokuwa mfalme alijenga nyumba iitwayo sivika-sala. Wataalamu hawakubaliani: wapo wanaosema ilikuwa ya ibada, wapo wanaosema ni nyumba ya kujifungulia. Mimi niko na hao wa pili, moyo wangu wote. Mtu aliyezaliwa kwa kufichwa vile angejenga nini kingine?

Asubuhi nikamsimulia mama mkwe yote. Akasikiliza kimya mpaka nilipofika kwenye jina: mama na bibi yake waliunganisha jina la babu, Pandu, na la mjomba aliyekataa kuua, Abhaya. Hapo akatikisa kichwa, akaridhika. Jina la babu analielewa.

"Na yule wa pili, mkamwana? Aliyetoa binti yake?"

"Hawakuandika jina lake, mama. Wamesema mwanamke mwingine, basi."

"Na binti?"

"Hata yeye."

Akaacha kubangua karanga. Mimi nami nikawaza daftari letu la uzazi, ambamo hata anayefika na bodaboda usiku wa manane, kichwa cha mtoto kinaonekana, jina lake lazima niliulize.

"Basi binti tumwite Kabula," akasema. "Huenda mvua ilikuwa inanyesha."