Jozi za sarafu: nilipofika hadi sasa

Kisanduku changu cha sarafu za mwambao kimeanza kuwa na sura. Sikusanyi moja moja, nakusanya kwa jozi, na sharti la jozi ni moja: sarafu mbili zifanane karibu kwa kila kitu, zitofautiane kwa jambo moja tu. Jambo hilo ndilo ninalolitafuta. Sarafu ikiwa peke yake inakutajia mwaka na thamani, basi. Ukiiweka kando ya mwenziwe ndipo unapoona nani kaondoka, nani kaingia na nini kimepunguzwa bila watu kuambiwa.

Jozi ninayoipenda kuliko zote ni ya shaba, na haina bei kubwa. Ya kwanza ni pesa, ndivyo sarafu hiyo ndogo ilivyoitwa, ya Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, ya mwaka 1299 wa Hijria, ambao ni 1882. Upande mmoja una jina la Sultani, upande wa pili una mizani. Ya pili ni pesa ya kampuni ya Wajerumani, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft. Upande mmoja una tai wa Kaiza, mfalme mkuu wa Wajerumani, na mwaka 1890, wa pili una maandishi ya Kiarabu na mwaka 1307. Zishike mkononi macho umefumba, hutajua ipi ni ipi. Zote mbili zilihesabiwa 64 kwa rupia moja.

Sasa fikiria yaliyopita katikati ya sarafu hizo mbili. Mwaka 1888 kampuni ilikodi mwambao kwa Sultani ikakamata forodha. Watu wa pwani wakainuka, Abushiri bin Salim akiwa mbele, na Desemba 1889 akanyongwa Pangani, hapo jirani tu na sisi wa Tanga. Mwaka 1890 Ujerumani ikamlipa Sultani mark milioni 4, mwambao ukawa wake. Mwenye duka wa Tanga aliyekuwa akipokea mizani akaanza kupokea tai, kwa hesabu ileile, uzito uleule, na maandishi ya Kiarabu yakaachwa palepale alipozoea kuyaona. Kampuni ilijua kwamba mtu anaweza kubadilishiwa mtawala kwa nguvu, lakini sokoni hapokei kitu asichokitambua. Naiona jozi hii kuwa ni kitabu kizima cha historia ya pwani, na ningependa kila mwanafunzi wa Tanga aishike walau mara moja.

Rupia nazo zina jozi yake: rupia ya India yenye sura ya Malkia Victoria, na rupia ya Mjerumani yenye Wilhelm II kavaa kofia ya chuma iliyokaliwa na tai, upande wa pili simba na mnazi. Gramu 11.66 kila moja zilipotoka kiwandani, fedha sehemu 917 katika 1,000. Nilizipeleka kwa sonara mmoja anipimie kwenye mizani yake ya dhahabu, na zote zimepungua kidogo kwa kulika. Ya Kihindi imelika zaidi. Ya Kijerumani ina alama ya kikuku kilichochomelewa juu ya kofia ya Kaiza, maana iliwahi kuwa kidani. Wakusanyaji wengi wakiona alama hiyo wanairudisha sarafu mezani. Mimi naichukua kwa moyo mmoja. Bibi aliyeivaa shingoni ni sehemu ya maisha ya sarafu hiyo sawasawa na kiwanda kilichoipiga chapa.

Mwaka 1904 hesabu ilibadilishwa, rupia ikawa na hela 100. Hapa jozi zinakuwa nyepesi kueleza na ngumu kukamilisha, kwa sababu tofauti ni herufi moja ndogo: A ni kiwanda cha Berlin, J ni cha Hamburg. Hela moja ya 1905 ninazo zote mbili, A na J. Hela tano zenye tundu za 1913 ninayo J tu. Zile za tundu zilipendwa kwa sababu ulizitunga kwenye uzi ukazifunga kiunoni, usiwe na haja ya mfuko.

Mzee mmoja wa Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, ndiye aliyenifungulia mlango wa jozi ya Edward. Nilimwamkia shikamoo, tukakaa barazani, nikamweleza natafuta senti kumi za tundu.

“Marahaba, mwanangu. Hizo wewe unazitafuta, sisi tulipigia bati.”

“Bati gani, babu?”

“Bati la banda la uani. Msumari wa bati unataka washa, na washa ilikuwa ghali kuliko senti kumi. Kaangalie uani.”

Bati lenyewe lilikuwa limeshashushwa, limeegemezwa ukutani, na misumari yake bado imevaa senti. Nyingi zimeliwa na kutu ya msumari. Moja ilisomeka vizuri: EDWARDVS VIII, 1936. Huyo ndiye mfalme wa Uingereza aliyejiuzulu Desemba mwaka huohuo kabla ya kutawazwa. Senti zetu za tundu hazikuwa na sura ya mfalme, zilikuwa na jina tu, kwa hiyo zake zilitoka na zikatumika huku Afrika Mashariki, wakati Waingereza wenyewe kwao hawakupata kutumia sarafu za kawaida zenye sura yake. Pacha wake ni senti kumi ya George V ya mwaka uleule wa 1936, ambayo nilikuwa nayo tayari. Thamani moja, mwaka mmoja, tundu moja, wafalme wawili. Mzee hakutaka hela. Alitaka nimsomee jina la mfalme, nikamsomea, akacheka sana kwamba mvua zote hizo zilikuwa zikimnyeshea Edward.

Jozi ya shilingi mbili za simba, ya 1946 na ya 1948, imetimia pia. Simba ni yuleyule na milima nyuma yake ni ileile. Ya kwanza ina fedha robo, ya pili haina fedha kabisa, ni shaba na nikeli. Zidondoshe mezani moja baada ya nyingine, sikio litakuambia. Na ukisoma upande wa mfalme, George VI wa 1946 ni mtawala wa India, wa 1948 si mtawala wa India tena.

Upande wa medali ndiko kuliko na kazi. Askari wa Keya, yaani King's African Rifles, aliyepigana vita vya kwanza chini ya Mwingereza alistahili jozi: medali ya fedha yenye mpanda farasi na miaka 1914 na 1918, na medali ya shaba yenye mwanamke mwenye mabawa. Ukingoni mwa kila moja kumegongwa namba na jina lake. Ninayo ya shaba, na namba inasomeka. Ya fedha sina, na naogopa njia iliyopita ni ile ya nyingi za namna yake: sonara, tanuri, bangili. Sitaiwekea mwenza wa askari mwingine ili nafasi ijae. Jozi ya medali ni ya mtu mmoja au si jozi. Kwa hiyo nafasi yake imebaki wazi, nimeandika namba kwenye kadi nikaiweka hapo.

Kuhusu kutunza, nasema kwa msisitizo: msisugue. Ndimu, majivu na ukwaju vinang'arisha shaba kwa kula ngozi yake, na ngozi ikishaliwa hairudi. Mimi natumia maji yaliyochemshwa na kupoa, sabuni kidogo, kitambaa laini, kisha nakausha kabisa, maana hewa ya bahari hapa Tanga haisamehi. Mipira ya kufungia pesa isikae karibu na fedha, inaitia weusi. Mifuko ya plastiki laini nayo inaacha utelezi wa kijani.

Sarafu za Kilwa na nyinginezo za kale sizigusi. Sheria yetu ya mambo ya kale ya 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya 1863, na mahali pake ni makumbusho.

Ninachofuata sasa ni hela ishirini za Tabora za 1916, zilizopigwa kwenye karakana ya reli Wajerumani walipozingirwa na manowari za Uingereza na sarafu kutoka kwao zikakatika. Zipo za shaba nyekundu na zipo za shaba ya manjano, iliyotoka kwenye maganda ya mizinga. Ya manjano nimeshaiona kwa muuzaji mmoja wa Chumbageni, tunapatana bei. Na ile J ya hela tano za 1913 nimepata ya pili iliyo nzuri zaidi, kwa hiyo aliye na A na amekosa J, tubadilishane moja kwa moja, bila kuongezana kitu.