Nilivyotengeneza ute bandia wa mapafu mjini Bukavu

Ninafundisha kemia kwa wanafunzi wa tiba ya viungo mjini Bukavu, nao walihitaji ute wa kufanyia mazoezi ya kusafisha kifua, kwa kuwa makohozi ya wagonjwa hayachezewi darasani. Ute halisi ni maji kwa takriban asilimia 95. Kinachoushika ni nyuzi ndefu za musini, yaani protini zilizosheheni sukari na zenye chaji hasi. Musini ya nguruwe inayouzwa mara nyingi haigandi tena ipasavyo baada ya kusafishwa na kukaushwa, kwa hiyo nilianza na unga wa guari, ule unaotiwa katika aiskrimu, gramu 1 kwa mililita 100 za maji.

Guari peke yake hutoa uji mzito tu, na uzito pekee haufanyi ute. Ute ukivutwa hurefuka, ukiachiwa hurudi. Tabia hiyo niliipata kwa boraksi, chumvi ya boroni ambayo hapa si adimu, maana wayeyushaji dhahabu huitumia. Niliiyeyusha, nikaidondosha tone kwa tone huku nikikoroga na kutazama viputo vya hewa vilivyonaswa ndani: mwanzoni vilisimama pale kijiti kiliposimama, kisha ikafika hatua ambapo vilirudi nyuma kidogo kila nilipoacha kukoroga. Hapo ndipo pa kukomea, kwani ukizidisha jeli hukakamaa na kukatika vipande.

Kilichobaki kilikuwa chaji, ambayo guari yenyewe haina. Niliongeza kidogo alginati ya sodiamu, unga utokanao na mwani wenye chaji hasi kama musini (alginati ya madaktari wa meno haifai, kwa sababu tayari ina kalisi na huganda ndani ya dakika chache). Ili kuijaribu, niliijaza jeli katika mirija ya kioo na kumimina juu yake bluu ya metileni, rangi yenye chaji chanya. Penye alginati rangi ilikwama karibu na uso wa jeli. Pasipo nayo ilishuka zaidi. Nilipotia chumvi ya mezani, ikaanza kushuka hata penye alginati, kwa kuwa chumvi hufunika zile chaji.

Jeli hii hutosha kuonyesha jinsi pumzi ya kikohozi inavyosukuma ute ndani ya mrija, lakini boraksi huipa pH (kipimo cha asidi na alkali) ya karibu 9, yaani ya alkali, kwa hiyo haifai kuwekewa seli hai. Kwa kazi hiyo ningeacha boraksi na kutumia alginati pamoja na kalisi kabonati na glukonolaktoni, ambayo majini hugeuka asidi taratibu na hivyo kuifanya kabonati iachilie kalisi polepole bila kuacha mabonge.