Chambo cha Bahari katika Maji ya Mfangano

Kutoka Kisumu hadi Luanda K'Otieno sina la kusimulia, isipokuwa kwamba ufito wangu wa kuvulia ulitozwa nauli kana kwamba ni abiria. Kivuko kilituvusha hadi Mbita, na huko ndiko mabishano yalikoanza. Mwenye mashua alitaka shilingi elfu saba kunizungusha upande wa kisiwa cha Mfangano, Ziwa Victoria, kuanzia alfajiri hadi adhuhuri, mafuta yakiwa juu yangu. Nilimshusha hadi elfu tano, lakini kwenye mafuta sikufua dafu.

Alipofungua kisanduku changu na kuona samaki wa mbao wa sentimita 18, buluu mgongoni na fedha tumboni, aliniuliza kama nimewaletea watoto wake zawadi. Simlaumu. Wavuvi wa huko humpata mbuta, yaani sangara, kwa nyavu, au kwa mishipi mirefu yenye ndoano nyingi zilizotiwa samaki wadogo walio hai, fulu na mumi. Wageni nao huburuta nyuma ya mashua vyambo bandia vyenye ulimi, ambao ndio unaovizamisha. Changu, cha aina ya stikibeti, hakina ulimi. Hurushwa mbali, kikalala juu ya maji, kisha mvuvi huuvuta ufito kwa mwendo mrefu kama wa kufagia ili kizame kidogo, kiogelee kwa kuyumba na kuacha mkia wa mapovu, halafu hukiachia nafasi kiibuke. Kule Watamu, kolekole mkubwa hukivamia mara nyingi katika pumziko hilo, wakati chambo kinapopanda na kuonekana kama kimechoka.

Nilirusha kando ya miamba, nikavuta, nikasubiri. Hakikuibuka. Nilidhani kimenasa, lakini kilikuja chepesi. Niliporusha tena kilishuka polepole, tumbo chini, mpaka kikapotea machoni. Chambo hichohicho kilikuwa kimeelea vizuri baharini, na muuzaji wa Mombasa alikuwa amekifunga ndoano nene za meno matatu kwa ajili ya kolekole, samaki anayeweza kunyoosha chuma chembamba.

Nahodha alizima mashine, akachota maji ya ziwa kwa ndoo, akakitia humo. Kilizama hadi chini. “Ndugu, hiki kilipimwa kwa maji mengine,” alisema, na mtu ambaye maisha yake yote amesawazisha vyelezo na risasi za nyavu hahitaji kuelezwa zaidi. Lita moja ya maji ya bahari huzidi lita moja ya maji ya ziwa kwa takriban gramu 25, kwa sababu ya chumvi. Chambo chenye ujazo wa sentimita za ujazo 100, kikiwa na uzito wa gramu 101 pamoja na ndoano na pete zake, huelea baharini kwa shida na ziwani huzama bila shaka.

Tulifungua ndoano zote kwa koleo, tukajaribu moja moja ndogo zaidi ndani ya ndoo. Mimi nilitaka nzito ibaki mkiani, yeye akakataa: mkia ukizidi, chambo husimama wima na kuruka ovyo kinapovutwa, tumbo likibeba zaidi, hulala sawa na kuyashika maji. Alikuwa sahihi. Wakati wa kusi, bahari ikichafuka, ningependa kinachokaa chini zaidi ili mawimbi yasikirushe hewani, lakini asubuhi ile ziwa lilikuwa limetulia na kinachoelea juu ndicho kilichofaa. Mafuta niliyoyalipia yalikuwa yakingoja tu huku tukibishana, na hilo liliniuma.

Nikajiuliza kwa nini sisi wa Kisumu, tulio na mafundi wanaochonga na kuunga mashua nzima ufukweni, tununue vipande vya mbao vilivyopimwa kwa ajili ya Bahari ya Hindi, tena kwa bei ya kondoo. Fundi wa ufuo wa Dunga, pale Kisumu, angepewa mti mwepesi, risasi kidogo na ndoo ya maji ya hapohapo, angetupatia chambo kinachojua kuibuka.

Mbuta alikuja baada ya jua kupanda, katika pumziko, chambo kikiwa hakijafika juu. Hakuna mruko wa ajabu. Maji yalifunguka, ufito ukapinda, nikamvuta kwa subira mbali na miamba. Mizani ya ufukweni ilisema kilo tisa. Hapo nahodha akatangaza kwamba samaki wa mashua ni wa mashua, akampokeza mnunuzi na kutia fedha mfukoni, kisha akaomba pia chambo. Nilimwuzia kwa bei niliyokinunulia, na nusu ya mafuta juu yake. Alilipa kutoka katika fedha za mbuta wangu.